Boma Liko Upande wa Mlango

Siku ambayo kompyuta ilitishia kunishtaki, mvua ya saa tisa ilikuwa imeanza kupiga mabati. Nilikuwa nimeandika amri moja tu, ya kuongeza fonti, na mbele yake nikaweka neno sudo kwa sababu ndivyo kila mtu mtandaoni anavyokuambia ufanye. Mashine ikaomba paswadi. Nikaipa yangu. Ikanijibu, kwa Kiingereza cha mwalimu wa zamu, kwamba simo katika orodha ya wanaoruhusiwa, na kwamba tukio hili litaripotiwa.

Litaripotiwa kwa nani? Niligeuka kuangalia mlango. Aki naapa niligeuka. Kulikuwa na vijana wanne wakijaza fomu za HELB, na mama mmoja aliyekuja kutafuta PIN ya KRA akakutwa na mvua. Hakuna aliyejua kwamba nimekosa.

Hicho kilikuwa kituo kimoja cha kidijitali katika kaunti ya Bomet, na jina lake nitaliacha hapo lilipo. Kilikuwa na kompyuta kumi na mbili kuukuu zilizowekewa Linux ili zipumue kidogo. Mimi nilikuwa pale kwa atachimenti ya miezi mitatu: kufungua mlango, kuwaonyesha watu jinsi ya kuingia eCitizen, na kusema "zima, halafu washa tena." Paswadi ya admini alikuwa nayo jamaa mmoja Nairobi. Nilimpigia. Akasema nitume tiketi. Nikatuma. Tiketi hiyo, kwa ninavyojua, bado iko njiani, labda imekwama Mau Summit nyuma ya malori.

Nilichotaka ni Kiebrania.

Najua. Subiri nieleze.

Kwetu Wakipsigis babu ni Kugo na nyanya ni Kogo, kwa hivyo soma polepole, maana ni herufi moja tu inayowatenganisha. Kugo wangu alichuma majani chai miaka thelathini na kitu katika shamba moja kubwa la kampuni upande wa Kericho. Majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, kilo kwa kilo. Jumapili alihubiri. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha kukokota, lakini mmishonari mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kitabu cha kujifunzia Kiebrania. Nafikiri kitabu hakikutoshea kwenye sanduku tu. Kugo alikipokea kama mtu aliyepewa mtamba.

Alijifundisha usiku, kwa taa ya koroboi, katika nyumba ya kampuni ya chumba kimoja na jiko. Aliandika daftari tatu za kurasa themanini. Safu ya kulia Kiebrania, ya katikati Kiswahili, ya kushoto Kikipsigis. Alikuwa na shauri lake. Wazee wetu husimulia kwamba tulitoka Misri, tukapanda na mto mpaka huku, na Kugo aliamini kwamba akitafuta vya kutosha atakuta Kikipsigis na Kiebrania ni ndugu waliopotezana njiani.

Hawakuwa ndugu. Nimezipitia daftari zote tatu, na safu ile ya Kikipsigis ina matumaini mengi kuliko ushahidi. Lugha yetu ni ya Kinailoti, pamoja na Kimaasai na Kijaluo, na Kiebrania kiko na kina Kiarabu na Kiamhari. Lakini safu ya katikati! Hapo Kugo alikuwa amegonga mwamba bila kujua. Damu ni dam. Nafsi ni nefesh. Roho ni ruakh. Malaika ni malakh. Saba ni sheva na tisa ni tesha. Kaburi ni kever. Kiswahili kilikopa kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni watoto wa boma moja, basi mzee wa Kericho ambaye hajawahi kuona bahari alikaa miaka akiandika ukoo wa maneno ya Mombasa akidhani anaandika wa kwetu. Alipigia mstari kila neno lililofanana. Kuna kurasa zina mistari hadi karatasi imechanika.

Na kulikuwa na kitambaa. Kama umekulia huku unavijua: vitambaa vya kufumwa vya kufunika makochi, redio, hata mtungi. Miaka ya 1970, walipokuwa bado hawana kochi la kufunika, Kugo alimchorea Kogo neno moja la Kiebrania kwenye karatasi, kubwa, na Kogo akalishona kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cheupe. Shalom. Na nukta zake zote, kwa sababu Kugo hakuwahi kuandika Kiebrania bila nukta. Alisema neno lisilo na nukta ni mboga isiyo na chumvi. Kitambaa hicho kilining'inia ukutani katika nyumba ya kampuni. Walipostaafu na kununua robo eka yao upande wa Konoin, kilikuwa kitu cha kwanza kutundikwa. Kogo hajui kusoma Kiebrania. Kogo hajui kusoma chochote.

Kugo alifariki Machi 2023. Miezi miwili baadaye vijana walichoma mashine za kuchuma majani chai huko Kericho, na nilikuwa natazama habari hizo nikijiuliza angesema nini, mtu ambaye vidole vyake viwili vya mbele vilikuwa vimegeuka rangi kabisa kwa utomvu wa chai. Tulipanga ibada ya kumbukumbu iwe Jumamosi moja ya Desemba, na siku hiyo tuweke jiwe. Kogo alisema kitu kimoja tu katika kikao kizima: jiwe liwe na lile neno la kitambaa.

Baba mdogo hakufurahi. "Watu watasema ni Illuminati," alisema. Usicheke. Bomet hii, mtu akijenga nyumba yenye nguzo ya pembe tatu anaombewa. Mwingine akauliza kama si Kiarabu, na kama majirani hawatadhani mzee alisilimu mwishoni. Tukakubaliana neno la Kiebrania likae juu, na chini yake liandikwe KALYET, ambalo ndilo amani kwa lugha yetu, ili mtu wa kawaida asimame akaelewa. Fundi wa mawe alikuwa Sotik, Mkisii, mtu wa pole sana. Alisema, "Dada, mimi nachonga chochote. Niletee karatasi yenye herufi kubwa, safi, nitapitisha patasi juu yake. Lakini ukiniletea makosa, nitachonga makosa."

Daftari za Kugo zilikuwa zimenyeshewa. Kitambaa kilikuwa cha uzi. Kila herufi ilikuwa na nywele. Kwa hivyo kazi ya kuandika neno hilo vizuri ikaniangukia mimi, msomi wa kompyuta wa familia.

Utaniuliza kwa nini sikutumia simu. Ni kweli, kibodi ya Kiebrania ingeingia kwa simu kwa dakika mbili. Lakini kioo cha simu yangu wakati huo kilikuwa kimepasuka upande mzima wa kulia, na katika lugha inayoanzia kulia hiyo ni kashfa. Pia nilikuwa na tamaa nyingine: kuandika daftari zote tatu, maneno yote, kabla mvua nyingine haijazifikia. Hiyo si kazi ya kidole gumba.

Sasa turudi pale mashine iliponitishia.

Kitu ambacho nilichelewa kuelewa ni hiki. Kwenye mashine za aina hii, mtumiaji wa kawaida hawezi kugusa vitu vya mfumo, lakini ana nyumba yake. Ni folda yenye jina lake, na ndani yake hakuna anayemuuliza chochote. Nilipoelewa hivyo nilikumbuka nyumba ya kampuni. Ukuta haukuwa wa Kugo, mlango haukuwa wake, hata msumari wa kutundikia kitambaa ulitaka ruhusa ya msimamizi. Lakini nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi upana wa vitanda viwili, na pale Kogo alipanda sukuma, managu na vitunguu, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kumuuliza. Sikuhitaji shamba zima. Nilihitaji nyuma ya nyumba.

Basi hivi ndivyo nilivyofanya, na ikiwa wewe pia umekalia mashine ya mtu mwingine, chukua.

Kwanza nilitaka kujua kuna nini tayari. Niliandika fc-list :lang=he na mashine ikanipa fonti chache zinazojua Kiebrania. Herufi zenyewe zilionekana. Shida ilikuwa nukta. Kiebrania kina herufi 22, zote konsonanti, na irabu ni vijinukta na vistari vinavyokaa chini, juu au tumboni mwa herufi. Katika fonti za kituo, nukta zilikuwa zimetawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Moja ilikuwa imekaa katikati ya herufi mbili isijulikane ni ya nani. Nikapakua fonti inayoitwa Ezra SIL, ya bure, iliyochorwa kwa kufuata herufi za Biblia ya Kiebrania iliyochapishwa Stuttgart. Badala ya kuipeleka kwenye folda ya mfumo, nilitengeneza folda nyumbani kwangu, ~/.local/share/fonts, nikaitupa humo, nikaandika fc-cache -f, nikafunga LibreOffice na kuifungua tena. Ikawa pale kwenye orodha. Hakuna paswadi. Hakuna ripoti. Hiyo nukta mbele ya neno local maana yake folda imejificha, huioni ukifungua kawaida. Nilipenda hilo.

Pili, kibodi. Amri moja: setxkbmap -layout us,il -option grp:alt_shift_toggle. Ukibonyeza Alt na Shift pamoja unahama kutoka Kiingereza kwenda Kiebrania, ukibonyeza tena unarudi. Hii nayo haihitaji admini, lakini ukitoka kwenye akaunti inasahaulika, kwa hivyo niliiweka katika faili la kuanzia hukohuko nyumbani kwangu ili ijiendeshe kila nikiingia. Kibodi haina herufi za Kiebrania zilizochapwa juu yake, basi unaandika kama kipofu. Nilichora ramani kwenye karatasi nikaibandika chini ya skrini. Shin iko kwenye A, lamed kwenye K, vav kwenye U, mem ya mwisho kwenye O. Yaani ukisahau kuhama kibodi, shalom inatoka akuo, kama jina la msichana kutoka kando ya ziwa. Nilituma barua pepe mbili siku hiyo zilizoanza na Akuo kabla sijashtuka.

Nukta zilinitoa jasho zaidi. Kuna kibodi nyingine ya il, ya Biblia, inayoziweka kwenye vitufe, lakini nilikuwa tayari nimekariri ile ya kwanza na sikutaka kuanza upya. Katika programu nyingi za pale unaweza kubonyeza Ctrl, Shift na U, kisha ukaandika namba ya herufi katika jedwali la Unicode, na herufi ikatokea. 05b8 ni qamats, kile kijiti chenye kitone kinachokaa chini ya shin. 05c1 ni nukta ya kulia juu ya shin. 05b9 ni holam, juu ya vav. Niliziandika kiganjani kwa kalamu kama mwanafunzi wa kuiba mtihani.

Mpaka hapo nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa. Kosa lililofuata ni langu mwenyewe, mashine haina lawama.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, LibreOffice ilikuwa inakwamakwama, na nikaamua kuandika neno moja kwa moja kwenye lile dirisha jeusi nilipokuwa naandikia amri. Ilikuwa xterm, ya zamani. Niliandika shin, lamed, vav, mem. Zikatokea zikitembea kutoka kushoto kwenda kulia. Nikafungua daftari la Kugo, nikalinganisha. Yangu ilikuwa kinyume. Nikasema, ah, hii ni rahisi. Nikafuta, nikaanza na mem, nikamalizia na shin. Sasa skrini ikafanana na daftari kabisa. Nikakopi, nikalipeleka neno kwenye ukurasa mpya, nikakuza herufi hadi zikajaza karatasi, nikafanya PDF na kumtumia fundi. Nikachapa nakala moja ya kumpelekea Kogo. Nikafunga kituo nikiwa na raha ya mtu aliyelipa deni.

Kitu ambacho sikujua, na ambacho watu walioshughulika na Kiebrania kwenye kompyuta wamekililia kwa miongo, ni kwamba kompyuta haihifadhi herufi kwa jinsi zinavyoonekana. Inazihifadhi kwa jinsi unavyozitamka: ya kwanza kwanza, ya mwisho mwisho, iwe Kiebrania au Kiswahili. Kuzigeuza zianzie kulia ni kazi ya programu inayozionyesha. LibreOffice inaijua kazi hiyo. Simu yako inaijua. Xterm haiijui, inapanga tu kuanzia kushoto kama inavyopanga kila kitu. Kwa hivyo nilipoandika sawa, dirisha lilinidanganya kwamba nimekosea. Nilipokosea, likanipongeza. Na LibreOffice, ambayo ni mwaminifu, ilipopokea neno langu ililigeuza kama inavyopaswa, na likawa kinyume kwelikweli. Wakati mmoja hata mtandaoni Kiebrania kiliandikwa hivyo makusudi, nyuma mbele, ili vivinjari vya zamani visivyojua kugeuza vionyeshe sawa. Nilikuwa nimevumbua upya kosa la miaka ya 1990, peke yangu, Bomet.

Na je, sikuiona ile karatasi nilipoichapa? Niliiona. Niliona herufi nne nzuri, nyeusi, kubwa. Nilikuwa nimechoka kulinganisha.

Nilifika nyumbani giza limeingia. Stima ilikuwa imepotea kwa sababu ya mvua ya mawe, na Kogo alikuwa jikoni karibu na moto. Nilimpa karatasi nikamwangazia kwa tochi ya simu. Aliishika kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda mrefu, mpaka nikadhani analia.

"Nani ameandika?" aliuliza.

"Ni mimi, Kogo."

"Boma liko upande wa mlango."

Sikuelewa. Akainuka, akaenda sebuleni, na mimi nikamfuata na tochi. Akasimama mbele ya kitambaa. Akanionyesha herufi ya kushoto kabisa, ile ya mraba, iliyofungwa pande zote: mem ya mwisho. Hiyo kwake ilikuwa boma. Iko upande wa dirisha, akasema, na imekuwa upande wa dirisha tangu kule kwa kampuni, maana kitambaa kimetundikwa hivyohivyo, dirisha kushoto, mlango kulia. Kwenye karatasi yangu boma lilikuwa kulia. "Ng'ombe wanaingia bomani mwisho," alisema. "Hapa umewafungia kabla hujaenda kuwachunga."

Halafu akanihesabia zote, kutoka mlangoni kwenda dirishani. Ile yenye meno matatu aliiita uma. Ile ndefu iliyopinda juu, fimbo ya kuchungia. Ile nyembamba, msumari. Na boma. Wakati anashona alikuwa ametaka majina ya kuzikumbuka, akajitengenezea. Mimi nilienda chumbani nikafungua daftari la kwanza la Kugo, ukurasa wa kwanza, ambapo ameandika maana za majina ya herufi kama alivyozitoa kwenye kitabu. Shin, jino. Lamed, kiboko cha kuswagia ng'ombe. Vav, kulabu. Kogo alikuwa amekaribia zote tatu kwa kuzitazama tu, na hakuna aliyewahi kumwambia. Nilimsomea. Alisema, "Sasa ulidhani zilikuwa nini?"

Mem kwenye daftari ni maji. Kuna mahali pia Kugo ameandika, kwa kalamu nyekundu, kwamba herufi tano kati ya zile 22 zina umbo la pili zikiwa mwisho wa neno, na mem ni mojawapo: katikati ya neno ina mlango, mwishoni inafungwa. Yaani jibu lilikuwa pale siku zote. Mem iliyofungwa haiwezi kuanza neno. Mtu yeyote aliyesoma ukurasa ule wa kwanza angejua, hata bila kuangalia kitambaa, kwamba karatasi yangu inasomwa na upepo.

Nilimpigia fundi saa tatu usiku. Hakushika. Nilipiga mara sita. Nililala nikimwona amekaa chini ya taa ya gesi huko Sotik akipitisha patasi kwenye makosa yangu kwa upole wake wote. Saa kumi na mbili asubuhi akapiga mwenyewe: simu ilikuwa imezima chaji, mvua ya mawe ilipita kwake pia, hajagusa jiwe. "Nilikuwa nataka kukuuliza," alisema, "hii inaanzia wapi? Mimi nilitaka kuanza na hiki kisanduku, ndicho rahisi." Sikumwambia ni kwa nini nilianza kucheka.

Siku hiyo niliandika upya ndani ya LibreOffice yenyewe, shin kwanza, nikaacha mashine ifanye kazi yake. Boma likakaa dirishani. Ndipo nikaongeza miaka ya Kugo mbele ya neno, kwenye mstari uleule, 1941, kistari kirefu, 2023. Zikaruka. Kwenye karatasi ikawa 2023–1941, mzee amekufa kabla hajazaliwa. Tarakimu zenyewe zilikuwa sawa, kwa sababu hata katika Kiebrania namba husomwa kutoka kushoto, lakini kile kistari kilichofuata Kiebrania kilihesabiwa kuwa cha Kiebrania, kikazipanga namba mbili kuanzia kulia. Kuna alama zisizoonekana za kuzuia hayo. Sikuwa na moyo wa kuzitafuta. Niliweka miaka mstari wa chini, pamoja na KALYET, na neno likabaki peke yake juu. Ilionekana vizuri zaidi hivyo hata kama isingekuwa lazima.

Nilipeleka karatasi kwa mkono, kwa boda, nimeifunga ndani ya nailoni mbili. Fundi aliitandaza juu ya jiwe, na mimi nikamwekea alama ndogo kwa penseli upande wa kulia: anzia hapa.

Muda wangu kituoni uliisha wiki moja kabla ya ibada. Siku ya mwisho nilikopi nyumba yangu yote kwenye flashi, fonti, ramani ya kibodi, na daftari la kwanza na nusu ya la pili. Akaunti za atachimenti hufutwa. Kabla sijatoka, msichana mmoja aliyekuwa anajiandaa kwenda kufanya kazi Saudia aliniona nikihama kibodi, akaniuliza kama hiyo kitu inaweza Kiarabu, maana alitaka kujizoeza kuandika jina lake kabla hajafika. Nilimwandikia setxkbmap -layout us,ara kwenye kikaratasi. Akaniuliza kama haitahitaji paswadi. Nikamwambia hapana, hiyo ni nyuma ya nyumba. Akaniangalia kama mwendawazimu.

Jumamosi ya ibada jua lilijitahidi hadi saa saba. Jiwe lilikuwa tayari, la kijivu, na fundi alikuja mwenyewe na koti la suti. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, Kogo akasogea na fimbo yake. Aliinama, akaweka kidole kwenye shin na kukitembeza. Uma. Fimbo. Msumari. Alipofika mwisho alizungusha kidole pande zote nne za boma, polepole, kona kwa kona, kama anayehakikisha ua hauna tundu. Alirudia kuzunguka mara ya pili. Kisha akaomba kiti.

Mvua ilipoanza kutisha, watu wakahamia kwenye hema kula. Baba mdogo, yule wa Illuminati, alibaki nyuma kupiga selfi na jiwe ili aitume kwenye grupu la WhatsApp la familia. Alichuchumaa kando yake, akanyoosha mkono, akakunja uso. Kisha nikamsikia akiniita kwa sauti ambayo hema zima lilisikia.

"Wewe! Kuja hapa! Boma limerudi upande wa mlango!"

Nilikimbia na sahani mkononi. Nikatazama jiwe. Lilikuwa sawa. Nikatazama simu yake: kamera ya mbele, inayokuonyesha kama kioo, kila kitu kimegeuka.

"Angalia chini, baba," nikamwambia. "Soma KALYET."

Akasoma. Ikamchukua muda.